Sala ya Norbert Mbele ya Jiko

Mume wangu Norbert alioka mkate wa karanga kila Jumamosi katika jiko la kuni la Mama Pushpa. Ni jiko la chuma, limesimama ndani ya kibanda kwenye kishamba anachokodi kutoka kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, hapa Edmonton, London. Mama Pushpa ni Mhindi wa Kisumu. Yeye alitoa jiko, Norbert akatoa mkate. Urafiki wao ulikuwa huo.

Kabla ya kuingiza mkate, Norbert aliingiza mkono mtupu ndani ya jiko akatikisa midomo bila sauti. Mkono ukishindwa kabla hajamaliza, moto ni mwingi mno. Ukivumilia mpaka mwisho, kwa shida, moto umefaa. Miaka tisa nilimtazama, sikumwuliza anasema nini. Mtu anayesali hakatizwi.

Alifariki Februari 2003. Jumapili ya kumaliza matanga ilipokaribia nilitaka mkate wake uwe mezani, si wa dukani. Vipimo vya unga nilivijua, chachu niliijua, na karanga nilizikaanga na kuzitwanga mimi tangu zamani. Nilichokosa ni ile sala.

Alhamisi nilianza na Baba Yetu. Ilibidi ningoje makaa yafifie sana ndipo mkono ufike kwenye "amina". Mkate ukatoka mweupe kama uso wa mgonjwa, katikati unanata. Ijumaa nikajaribu ishara ya msalaba peke yake. Mkate ukawa mkaa nje, mbichi ndani. Nyumbani nikazitaja sala zote za utoto huku nikitazama mshale wa saa. Salamu Maria? Atukuzwe Baba? Au alikuwa na yake, kutoka kwa mapadri wa Bukavu waliomfundisha kuoka?

Jumamosi asubuhi Mama Pushpa alinikuta nimepiga magoti, mkono umo ndani ya jiko.

"Mama Shekinah! Unajichoma kwa nini?"

"Natafuta sala ya Norbert."

"Sala gani?"

"Ile aliyokuwa akisema hapa."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akauona uso wangu, akakaa juu ya ndoo.

"Norbert hakuwa anasali, dada. Alikuwa anapanda basi."

Nikamwambia asinitanie, nina msiba.

"Sitanii. Alipokuja London alikuwa akirudi kutoka kufagia maofisi, nje giza, vioo vya basi vimejaa mvuke, haoni kitu. Akakariri vituo ili asipitilize. Akavizoea, akavitumia kupimia moto. Mimi nilimwuliza siku ya kwanza tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Mama Pushpa alinyoosha mkono hewani, akatikisa midomo kama Norbert hasa, ila kwa sauti: "Manor House. Seven Sisters. West Green Road. Philip Lane. Bruce Grove. Hapo anautoa."

"Bruce Grove? Mbona tulihamia huku zamani?"

"Basi mwulize mwenyewe." Akajishika mdomo. "Samahani, mama."

Sikukasirika. Nilikuwa nakumbuka chumba chetu cha kwanza, juu ya duka la kinyozi karibu na kituo hicho, na jinsi nilivyosikiliza viatu vyake kwenye ngazi.

Niliingiza mkono. Nilipofika Philip Lane moto ukanishinda. Tukatawanya makaa, tukangoja. Mara ya pili nilitaja polepole, kila jina na pumzi yake, na nilipofika Bruce Grove machozi yalikuwa yanatoka, sijui ni ya moto au ya nini. Nikauingiza mkate.

Ulitoka na ganda la kahawia. Nilipougonga chini ulilia kama ngoma ndogo.

Jumapili, Mzee Severin wa kanisani, aliyezoea kumtazama Norbert akioka, alionja kipande cha kwanza, akakitazama, akakata cha pili.

"Huyu ni Norbert," akasema. "Nani amewapa sala yake?"

"Dereva wa basi," akajibu Mama Pushpa.

Binti yangu Shekinah, aliyesikia habari yote, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini baba aliishia Bruce Grove, wakati nyumba yetu iko mbele zaidi. Alitaka tuongeze vituo mpaka Edmonton.

"Ongeza," nikamwambia. "Tutakula unga mbichi."

Akahesabu vilivyobaki kwa vidole, karanga zimejaa mdomoni, kisha akatikisa kichwa. Ni vingi mno.