Koili Iliyokobolewa

Dainamo iliyoachwa na wamisionari kijijini Ruanda ilikuwa na koili mbili, kila moja mizunguko mia saba na ishirini ya waya wa shaba. Fundi Vitalis alijua idadi hiyo kwa sababu alizisuka upya mwenyewe. Miezi kumi na minne alivisha waya nyuzi za pamba, akazilowesha kwa vanishi. Chama cha ushirika kilimpa mpaka siku ya mgeni rasmi: taa ya majaribio ikiwaka, dainamo ingeendesha mashine ya kumenya kahawa, isipowaka, ingeuzwa kama chuma chakavu.

Zikiwa zimebaki siku tano, Vitalis aliteremka Mbamba Bay kufuata mkanda wa gurudumu la maji. Nyuma yake, Kamati ya Ubora ya Mama Mektilda ikaja kukagua. Kwa miaka kumi na tisa ya kupanga madaraja ya kahawa, kamati hiyo ilikuwa na kanuni moja: chenye ganda ni daraja la chini. Muhtasari wao ulisema shaba ni bora, ila haijakobolewa.

Wanakamati kumi na wawili walifungua koili, wakachuna pamba, wakaosha waya mara tatu, wakauanika kwenye vichanja vya kahawa na kuugeuza kila saa. Kisha wakasuka upya, mizunguko mia saba na ishirini kila koili. Kwa uzembe hawakulaumika.

Vitalis alirudi asubuhi ya siku yenyewe, mkanda begani.

“Shikamoo, mama. Pamba yangu iko wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Ulituachia uchafu, tumeutoa.”

Vitalis akamweleza kwamba umeme sharti uzunguke waya wote ndipo chuma kiwe sumaku. Waya tupu ukigusana, umeme hupita njia ya mkato. Ndiyo maana waliounda mashine za kwanza walivisha waya hariri au pamba. Mama Mektilda alisikiliza mpaka mwisho.

“Na hao,” akauliza, “waliwahi kupata daraja la kwanza?”

Gurudumu lilizunguka, taa haikuwaka. Mwenyekiti wa chama, Othmar, alianza kueleza habari za taa, lakini mgeni rasmi hakuwa anaitazama taa. Alisema katika ziara zake zote hajaona mashine safi namna hii. Akaagiza isiuzwe, ijengewe jukwaa la saruji mbele ya ofisi, na kamati ipewe cheti.

“Unaona?” Mama Mektilda alimwambia Vitalis. “Ungeiacha na ganda lake, leo ingekuwa kwenye lori.”

Vitalis aliomba tu kazi ya kuing'arisha, akapewa bila kikao.

Kila Jumatatu hutandaza turubai juu ya jukwaa na kuingia chini yake na kitambaa na kibunda cha nyuzi. Matabaka ya ndani ya koili anayavisha pamba. La nje, kwa kuwa ndilo linalokaguliwa, analipaka vanishi isiyo na rangi. Kamati imekagua mara mbili na kuridhika.