Bendera Nyekundu, Maji Machache

Asubuhi ile Bibi Kipimo aliisoma nguzo mara tatu, na mara zote tatu nguzo ilimwambia jambo asilolipenda.

Nguzo yenyewe ilikuwa ya chuma, imesimikwa ukingoni mwa mto mbele ya banda la waokoaji, imechorwa mistari. Kazi ya Bibi ilikuwa kusoma maji yamefika mstari gani, kuandika daftarini, kisha kupandisha bendera. Maji yakipita mstari wa pili, nyekundu: hakuna kuogelea, hakuna mtumbwi, hakuna nyavu. Yakiwa chini yake, nyeupe. Ndivyo kanuni ilivyobandikwa mlangoni, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuivunja.

Jana jioni maji yalikaribia mstari wa pili. Usiku kucha mvua ilipiga huko juu milimani. Na sasa, badala ya kupanda, maji yalikuwa yameshuka hadi chini ya mstari wa kwanza.

"Mvua yote ile imekwenda wapi?" alijiuliza kwa sauti, na jibu alikuwa nalo. Kuna mahali huko juu magogo na matope yameziba njia, na maji yanarundikana nyuma yake. Yakipata upenyo, yatashuka yote kwa mpigo mmoja.

Akapandisha nyekundu.

Lakini siku yenyewe haikuwa ya bendera nyekundu. Mjukuu wake, binti aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa afanye mtihani wa uokoaji: kuogelea hadi fungu la mchanga katikati ya mto na kurudi akimvuta mtu. Mtahini alikuwa amesafiri jana kutwa kuja, na gari lake lilikuwa liondoke saa nne. Mwakani umri wa binti ungekuwa umepita kiwango. Ilikuwa leo au basi tena.

Saa tatu mtahini alifika. Akaitazama bendera, akaitazama nguzo, akasoma kanuni mlangoni, akairudia bendera.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Ila hapa sielewi. Maji yako chini kabisa. Kwa kanuni zenu hii ni nyeupe."

"Kwa kanuni ni nyeupe. Lakini maji hayashuki mvua ikinyesha, ila yakiwa yamezuiwa. Nimempigia simu msomaji nguzo mwenzangu wa huko juu tangu alfajiri. Hapatikani."

Kicheko kikatoka katikati ya mto. Mvuvi waliyemwita Domokaya alikuwa juu ya fungu la mchanga, suruali imekunjwa, akiokota kwa mkono samaki waliobaki kwenye vidimbwi.

"Bibi Kipimo! Anua hilo gauni lako jekundu, samaki wanaona haya! Leo hata wewe na magoti yako ungevuka!"

"Domokaya, toka huko!"

"Nitoke nimwachie nani?"

Bibi akapuliza filimbi mara mbili. Domokaya akampungia samaki.

Mjukuu alikuwa amekwisha kuvaa kofia ya kuogelea. Akamshika bibi yake mkono, wakaenda nyuma ya banda.

"Bibi, niambie kweli. Unauogopa mto, au unaniogopea mimi?"

Swali lilikuwa la haki. Tangu mwanzo Bibi hakuitaka kazi hii ya uokoaji. Alitaka binti ashone nguo, akae pakavu.

"Ile kofia iliyopotea siku mbili mwaka jana," alisema, "niliificha mimi, kwenye debe la unga."

"Nilijua. Ilinukia unga wiki nzima."

"Ile ilikuwa hofu. Hii siyo. Njoo uone."

Akampeleka ukingoni. Alfajiri alikuwa amechomeka kijiti pale maji yalipoishia. Sasa kati ya kijiti na maji palikuwa na hatua nne za tope bichi. Na mto ulikuwa kimya. Ule mlio wake juu ya mawe, ambao binti alilala nao tangu utotoni, haukuwepo.

Binti alikitazama kijiti kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwa mtahini.

"Siingii," alisema.

"Nitalazimika kuandika kwamba hukuogelea."

"Andika."

Saa nne kasoro robo. Hakuna kitu. Saa nne kasoro dakika kumi, dereva akawasha gari. Bibi Kipimo alisimama mikono kifuani, na shaka ikaanza kumtafuna. Huenda amemnyang'anya mtoto wa watu maisha yake kwa sababu ya kijiti. Akajikuta anaomba maji yaje. Halafu akamwona Domokaya na ndoo yake, akalifuta ombi haraka.

Alipogeuka, alimkuta mjukuu ametoa kamba ya kurushia pamoja na boya lake. Alikuwa anaipanga duara juu ya duara kwenye mwamba, na mwisho wake amekwisha kuufunga kwenye nguzo ya banda.

"Unafanya nini?"

"Si Domokaya bado yuko huko? Kama nimekuamini, Bibi, nimekuamini mpaka kwake."

Bibi akainama kumsaidia kuipanga.

Ndipo walipousikia. Ulikuwa mngurumo wa chini, kama malori mengi yanayopanda mlima. Ndege wakaruka wote pamoja. Kwenye kona ya mto likatokea povu la kahawia, limebeba magogo, linakuja.

Domokaya aliitupa ndoo, akakimbilia ncha ya mchanga iliyo karibu nao. Maji yalikuwa tayari magotini mwake.

"Usiruke!" binti alipiga kelele. "Subiri boya!"

Akarusha. Boya halikumfikia. Mtahini alikuwa amevua viatu na mguu mmoja uko majini.

"Toka majini!" binti alimwambia bila kugeuka. "Kamba inafika!"

Akaivuta, akaikusanya kwa haraka lakini bila pupa, akarusha tena. Boya lilipita begani mwa Domokaya, naye akalikumbatia kwa mikono miwili wakati mchanga unamponyoka chini ya miguu. Watatu wakavuta. Mto ukamzungusha, ukampeleka chini, kisha ukamtema ukingoni, anakohoa. Gogo kubwa kama gari likapita pale alipokuwa amesimama.

Bibi alimfunika kwa kanga yake, akampangusa tope usoni kama mtoto.

"Bibi," Domokaya alisema, meno yanagongana, "lile gauni lako... kumbe zuri sana."

"Nyamaza, leo tu."

Mtahini alimwashiria dereva azime gari. Miguu yake ilikuwa mitupu, na kiatu kimoja kimekwenda na maji.

"Kuogelea siwezi kuandika, kwa sababu hukuogelea," alimwambia binti. "Mto utatulia lini, mama?"

"Kesho kutwa, labda."

"Mna mkeka?"

"Upo. Na chai ipo."

"Basi nitasubiri."

Bibi Kipimo aliingia bandani, akafungua daftari, akashika kalamu. Mjukuu akaichukua taratibu, akakaa kando yake, nywele bado ziko ndani ya kofia.

"Nitajie, Bibi."

"Saa nne kasoro dakika tano. Nguzo haionekani."

Binti akaandika. Palipokuwa na nafasi ya bendera hakungoja kutajiwa. Akaandika: *nyekundu, tangu alfajiri.*