Mama Alirudi Robo Tatu

Jua lilianza kumegwa wakati msusi amefika nusu ya kichwa cha mke wa kinyozi. Mteja alikuwa amekaa mkekani, shingo kaiegemeza magotini kwa msusi, chanuo limechomekwa upande ambao haujasukwa. Bati la kibaraza lina matundu, na vidoa vya mwanga ambavyo kila siku huanguka sakafuni vikiwa duara, sasa vilikuwa vimeliwa pembeni.

"Tulia," msusi alisema. "Mama yuko njiani."

Mama yake alifia katika moto wa kiwanda cha viberiti, siku jua lilipopatwa, msusi akiwa na miaka saba. Kupatwa kwa jua kuna koo zake, kama watu. Kila kupatwa hurudi baada ya miaka kumi na minane na siku chache, lakini si palepale. Dunia inakuwa imegeuka theluthi, kivuli kinawaangukia wengine. Mpaka kizunguke mara tatu ndipo kinapobisha hodi kilipoanzia. Waliokufa ndani yake huzunguka nacho. Hapo katikati, kupatwa kwa koo nyingine kulileta marehemu wa watu wa mbali. Mmoja alikuja sikio, shavu na mkono tu. Kinyozi alimnyoa ndevu alizokuwa nazo, akaenda zake.

Mama alianza kuingia bega. Likafuata shavu, kisha jicho, na kadiri jua lilivyoliwa ndivyo alivyoongezeka, mpaka akafika robo tatu. Robo ya kulia, pamoja na jicho na mkono, haikuwepo. Alikuwa na miaka thelathini na gauni la kazini.

"Shikamoo, mama," alisema msusi, mwenye miaka sitini na mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mke wa kinyozi aliwatazama kwa zamu. "Mimi hapa sijui nani amwamkie nani," alisema, akajisogeza kumpisha mgeni mkekani.

Mama alikaa. Alisimulia kwamba alikwisha kufika kwingine mara mbili. Wenyeji walikuwa wakarimu, walimpa kiti, ila hakuelewa hata neno moja. Mara ya pili alimbembeleza mtoto wa watu mpaka akalala. Msusi alimsikiliza huku akizichambua zile nywele zilizokuwepo, akazisuka mistari minne. Mama alifumba jicho. Hakuna aliyekuwa amemshika kichwa miaka hamsini na minne.

"Una watoto?" aliuliza.

"Mmoja. Wa kike. Umri wako."

"Yuko wapi nimwone?"

Msusi alifunga ncha ya msuko wa mwisho kabla ya kujibu. "Kazini. Palepale."

"Mlango je?"

"Bado wanafunga, mama."

Walikwenda wote watatu, mteja akiwa na kichwa nusu. Kiwandani, kama siku ile, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, ili wafanyakazi wasiache mashine kwenda kutazama jua. Mlinzi aliwapa pole.

"Ufunguo anao msimamizi," alisema.

"Naye yuko wapi?"

"Kule uwanjani. Anatazama jua."

Wakazunguka nyuma, kwenye dirisha la stoo. Msusi alimwita binti yake, naye akaja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama alipitisha mkono wake mmoja katikati ya nondo, akampapasa uso polepole, paji, pua, kidevu, kama anayechagua kitambaa. "Pua ya babu yako hiyo. Pole." Binti alicheka, huku machozi yakimtoka. Kisha mama akamwambia, kwa sauti ileile, "Nondo hii ya tatu imelegea. Niliitikisa sana siku ile. Ilikuwa imebaki kidogo tu."

Jua lilikuwa limeanza kujaa. Mama alipungua kuanzia miguuni, bila haraka. Mkono ndio uliobaki mwisho, umeshikwa na wawili, mmoja ndani na mmoja nje.

"Huko uendako, waambie wakupe kiti chenye mgongo," msusi alisema. Kisha akarudi nyumbani kummalizia mteja wake.

Mlinzi alikuwa amewafuata nyuma na kusikia, na mlinzi ana watoto wa kulisha. Kesho yake aliletwa fundi wa kuchomelea. Aliikaza nondo ya tatu, akaipaka rangi, msimamizi akamsifu. Mlango ukafungwa kama kawaida.

Jioni binti alimweleza mama yake. Msusi alikuwa akipepeta mchele. Akauliza nondo ya nne ikoje.

"Ngumu," binti alisema. "Tunaitikisa kwa zamu."