Sindano Isiruke

Shangazi yangu alifundisha udereva kwa miaka mingi, na katika muda huo wote hakuwahi kumfokea mwanafunzi. Kazi ya kufoka aliikabidhi santuri.

Gari lake, lenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lilikuwa na kinanda cha santuri kilichofungwa chini ya dashibodi. Wasomaji waliozaliwa baada ya zama za kaseti pengine watadhani natia chumvi, lakini vinanda vya namna hiyo vilikuwapo. Redio ilikwisha kuingia ndani ya magari. Walichokosa wenye magari ni uhuru wa kuchagua wimbo. Vinanda vya mwanzo vilitaka santuri za pekee zilizozunguka polepole, ambazo hazikupatikana katika kila duka. Vilivyofuata, kama hiki cha Shangazi, viliridhika na santuri ndogo za kawaida, zenye wimbo mmoja kila upande. Uliisukuma santuri kwenye mwanya mfano wa mdomo wa sanduku la posta, kinanda kikaimeza, na baada ya mikwaruzo michache gita likaanza. Sindano ilikandamizwa kwa springi kali ili isirukeruke njiani, na kwa sababu hiyo ilistahimili lami iliyochakaa na mawe madogo. Haikustahimili breki za pupa, klachi iliyoachiwa ghafla, wala usukani uliokatwa na mtu kama anayekwepa nyuki.

Hapo ndipo Shangazi alipopata mtihani wake. Kutoka mzunguko wa posta hadi geti la hospitali ni urefu wa wimbo mmoja, ukienda kwa mwendo wa mtu mwenye akili zake. Mwanafunzi aliondoa gari posta, Shangazi akasukuma santuri, safari ikaanza. Wimbo ukiisha getini, umefaulu. Ukiisha ungali mbali, unasinzia. Ukifika kabla haujaisha, una haraka ya kwenda kulazwa. Na sindano ikiruka hata mara moja, rudi wiki ijayo. Hapakuwa na rufaa. Aliyefaulu alipewa heshima moja tu: aliigeuza santuri kwa mkono wake mwenyewe, na njia yote ya kurudi wakasikiliza upande wa pili. Aliyefeli alirudi kimya. Hivyo mji wetu ukawa na watu wa aina mbili, waliousikia upande wa pili na wasiousikia, na wale wa kwanza hawakuchoka kuwakumbusha wenzao.

Kisha Shangazi akastaafu, kinanda kikanyamaza kwa uzee, na hivi karibuni mwanawe wa pekee, ambaye ni daktari wa meno, akaja kumwomba ufunguo wa gari.

Nilikuwapo. Alikaa ukingoni mwa kochi, kama wakaavyo wagonjwa wake.

"Mama," alisema, "lile gari tulipumzishe."

"Gari halijachoka."

"Sisemi gari."

"Basi sema unachosema. Meno ya watu unayang'oa bila kuzunguka namna hii."

"Umegonga nguzo ya geti la kliniki yangu, Mama."

"Nguzo ilisogezwa."

"Nguzo ya zege haisogei."

"Mimi naingia pale tangu ulipofungua. Sijawahi kuigusa. Juzi naingia kama kawaida, nguzo ikaja kunisalimia." Akanigeukia. "We mtoto wa kaka, nguzo haikusogezwa?"

Nikajishughulisha na kutafuta kijiko cha sukari.

Daktari alieleza taratibu, na kwa upendo, kwamba angempeleka mama yake popote atakapo. Ni kupiga simu tu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Nyumba yake ipo juu ya kilima, mbali na duka na mbali zaidi na rafiki zake, na gari lile ndilo lililomfanya aishi kwenye kilima hicho bila kukiona kuwa kirefu.

"Nikikupigia simu ili nikanunue sabuni," alisema, "nitakupigia tena kuomba ruhusa ya kuoga?"

"Mama."

"Sikatai kupimwa. Nimepima watu maisha yangu yote. Nitaendesha kutoka posta hadi hospitali, santuri ikipiga. Sindano ikiruka, ufunguo ni wako, na sitauulizia tena. Isiporuka, jambo hili usilitaje hadi nife."

Daktari alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Baadaye, tukiwa nje, alinieleza sababu: aliamini kinanda kile hakitapona.

Hakumhesabu Fundi Bata.

Fundi Bata hutengeneza redio na spika katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitabu, na jina lake lina historia. Alipokuwa kijana alifanya mtihani wa Shangazi, na kila mtu anakiri kwamba aliendesha vizuri ajabu mpaka karibu na soko, ambapo bata alivuka barabara. Akasimama. Sindano ikaruka. Leseni aliipata kwa mwalimu mwingine, na tangu hapo ameendesha gari miaka mingi bila kumkwaruza mtu. Lakini jina halikuhitaji leseni, lilitembea lenyewe.

Nilimsindikiza Shangazi kupeleka kinanda. Fundi alikifungua juu ya gazeti, akapanga parafujo zake kwa mstari.

"Mwalimu, mkanda wake wa mpira umekuwa mgumu kama ukucha. Mota nzima. Sindano imekwisha, lakini nitapata nyingine." Akabonyeza springi kwa ncha ya bisibisi. "Hii nikiikaza kidogo, hata ukiruka mtaro, sindano haitatikisika."

"Ukiikaza nitasikia. Ukiilegeza pia nitasikia."

"Basi niiache ilivyo."

"Iache kama ilivyokuwa siku ya bata."

Fundi aliendelea kupangusa vumbi kwa brashi ndogo. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa na swali ambalo alikuwa amelilea kwa muda mrefu.

"Siku ile," alisema, "ningemkanyaga yule bata, ningefaulu?"

Shangazi alilipima swali kwa haki. "Hapana. Sindano ingeruka vilevile. Alikuwa bata mnene."

"Kwa hiyo nilikwisha kufeli tangu bata alipoamka asubuhi."

"Mtihani ni mtihani," alisema Shangazi, lakini hakulisema kwa nguvu zake za kawaida, na njiani kurudi alipitiliza kona ya kwenda nyumbani, jambo ambalo sikumwambia Daktari.

Siku ya mtihani tulikutana posta asubuhi. Shangazi alivaa viatu vyake vya kufundishia, vyenye soli nyembamba, kwa kuwa aliamini kwamba mguu usioisikia pedali ni sawa na mkono uliovaa glavu kwenye kinanda cha kanisa. Daktari alikaa mbele, upande wa mwalimu. Mimi na Fundi tulikaa nyuma. Daktari ndiye aliyetaka Fundi awepo, ili lawama ikitupiwa kinanda, kiwe na wakili.

"Mama, ukiona unachoka, simama."

"Mwanafunzi haongei na mwalimu gari likienda," alisema Shangazi. "Wala mwalimu haongei na mwanafunzi. Santuri ndiyo inayoongea."

Akaisukuma. Mikwaruzo, kisha gita, kisha sauti ya mwanamume anayembembeleza mpenzi wake atoke nyumbani upesi, kwani dansi limekwisha anza. Gari likajitenga na ukingo wa barabara bila mtu kujua ni wakati gani hasa lilipoacha kusimama.

Nimepanda magari mengi, mapya na ya kifahari, lakini sijapata kuendeshwa vile. Gia zilibadilika kama mtu anayefungua ukurasa katika chumba cha mtoto aliyelala. Penye shimo alipunguza mwendo mapema, akaliingiza gurudumu na kulitoa kama anayemvusha mgonjwa kizingiti. Sokoni mikokoteni ilipakana nasi kushoto na kulia, na mwimbaji akaendelea kubembeleza bila kukosa neno. Daktari hakutoa macho yake kwenye mshale wa mwendo. Fundi alikuwa amefumba yake, akisikiliza springi. Mimi, nakiri, nilikuwa nimekwisha kujisahau ndani ya wimbo.

Tuliingia barabara ya hospitali. Upande wetu wa kushoto palikuwa na ambulensi imeegeshwa. Geti lilionekana, na mwimbaji alikuwa amefika ubeti wa kabla ya mwisho.

Shangazi akakanyaga breki.

Tulirushwa mbele sote. Muuguzi kijana alitokea nyuma ya ambulensi, uso wote umezama kwenye simu, akapita mbele ya bampa karibu kiasi cha kuweza kuegemea boneti, akainua mkono kidogo kama anayefukuza mbu, akavuka. Mpaka leo sidhani anajua kwamba tulikuwapo.

Na sindano ikaruka. Kwaru, sote tulisikia, na yule mwanamume aliyekuwa bado anambembeleza mpenzi atoke akajikuta ghafla yumo katika ubeti wa mwisho, mpenzi amekwisha fika na wanacheza.

Shangazi akaondoa gari kwa ulaini uleule. Kwa kuwa ubeti mmoja ulikuwa umemezwa, wimbo uliisha kabla ya geti, na kipande kilichobaki tulikimaliza kimya, tukisikia matairi tu. Aliegesha sambamba na ukuta, akavuta breki ya mkono, akachomoa ufunguo na kuuweka katika kiganja cha mwanawe.

"Sheria ni msumeno," alisema. "Hukata mbele na nyuma."

Daktari hakukifumba kiganja. Aliutazama ufunguo kama jino lililong'oka zima ilhali halikuwa bovu.

"Mama, yule dada ulimwonea wapi?"

"Chini ya ambulensi."

"Chini?"

"Viatu. Vyeupe, vinakuja barabarani, havipunguzi mwendo. Viatu havishiki simu, lakini mwenye viatu anaweza kuwa nayo."

"Mimi sikumwona kabisa," alisema Daktari. "Nilikuwa natazama mshale wa mwendo. Ningekuwa mimi hapo ulipo, ningemgonga." Akamrudishia ufunguo. "Shika, Mama."

"Sindano imeruka."

"Iache iruke. Macho utapima, lakini."

"Nitapima. Na wewe upime, maana wewe ndiye hukumwona." Lakini ufunguo hakuupokea. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. "Nimewarudisha watu wangapi posta wakiwa wanyonge kwa sindano hii? Leo imenirukia mimi, nianze kuisamehe?"

Nyuma, kando yangu, Fundi Bata alikohoa kwa adabu.

"Mkuki kwa nguruwe, Mwalimu," alisema.

"Sema ulichonacho, Fundi. Usijifiche nyuma ya methali."

"Nina neno moja tu. Kama ufunguo huo ni wako, basi siku ile na mimi nilikuwa nimefaulu. Na kama mimi nilifeli, mpe Daktari ufunguo twende zetu. Vyote viwili haviwezekani."

Wenye elimu ya mantiki wangeafiki hoja ile. Shangazi, ambaye hakuwa na subira na mantiki za watu wengine, aliitafutia mahali pa kuishikia akapakosa. Alimtazama Fundi katika kioo cha ndani.

"Yule bata," aliuliza, "alikuwa peke yake?"

"Alikuwa na watoto. Foleni nzima, nyuma yake."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umekwisha chomoa santuri."

Shangazi akafungua mlango, akateremka, akalizunguka gari kwa hatua za mtu anayekagua matairi kabla ya safari, akaufungua mlango wa Fundi.

"Shuka. Kaa mbele."

"Mwalimu?"

"Shuka nimekwambia, nisije nikabadili nia. Na wewe Daktari, rudi nyuma ukakae na binamu yako. Hapo ni mahali pa mwalimu."

Daktari alirudi nyuma bila ubishi, ingawa magoti yake yalimfikia kidevuni. Alipopita mbele ya mama yake alimkabidhi ufunguo, na safari hii Shangazi aliupokea, akampa Fundi. Kisha akaichomoa santuri, akaipulizia vumbi, akampa nayo.

Fundi, ambaye mikono yake huunga nyaya nyembamba kama nywele, aliishika santuri ile kingoni kwa ncha za vidole. Aliigeuza. Alikuwa amekifungua kinanda kile hadi parafujo ya mwisho, akakijaribu kwa santuri zake mwenyewe, lakini hii hakuwa amepata kuisikia upande huu. Kwa hakika angeweza kuinunua kwa muuza santuri yeyote katika miaka hiyo yote. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakufanya hivyo, akanijibu kwamba si kila kitu hununuliwa.

Akaisukuma. Kinanda kikameza. Gari likaondoka, nami sikujua ni wakati gani hasa lilipoacha kusimama.

Daktari aliinama mbele, kidevu chake karibu na bega la mama yake.

"Mama, ile nguzo," alisema kwa sauti ya chini. "Tulipanua njia ya wagonjwa. Waashi waliisogeza. Kidogo tu."

Shangazi hakugeuka. Aliinua kidole kimoja kuomba kimya.

"Wimbo unaanza," alisema. "Msikilize."