Kijiti Chepesi

Mama Birika anasema alikiona kijiti kwa macho yake mawili. Anamwambia kila anayesimama kununua chai, na kila akisimulia kijiti kinazidi kuwa chekundu. Anadai gari dogo jeupe lilifika kwenye mti wa chini wa kufunga njia saa tano na nusu, siku ya Jumapili, dirisha la nyuma likashushwa, mkono ukatoka na kijiti. Anadai alimuuliza dereva, "Mnapanda?" na dereva akajibu, "Tunapanda, mama." Basi akatua birika, akauinua mti, akagonga chuma.

"Sasa kosa langu liko wapi?" huwauliza wateja wake. "Mimi nilipewa kazi ya kukitazama kijiti. Sikupewa kazi ya kukipima uzito."

Hapo anazungumzia gari la kwanza. La pili halitaji, nami simkumbushi.

Kwa asiyepajua kwetu, barabara ya kutoka mjini ikifika chini ya mlima inakuwa nyembamba, imechongwa kwenye mwamba kama rafu ya vyombo. Tunapaita Ubavuni. Mkono mmoja ukuta, mkono wa pili hakuna kitu. Magari hayapishani, kona hazionyeshi mbele, simu haishiki. Ndiyo maana kuna kijiti. Ni kimoja tu, cha mti mgumu, chekundu chenye pete mbili nyeupe. Chini kuna mti wa kufunga njia, naulinda mimi. Juu kuna mwingine, anaulinda Shangazi. Mwenye kijiti anapita, asiye nacho anangoja kije. Na kila mti wa chini ukiinuliwa, kinagongwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo, mara moja, ili wenye miguu na wenye mbuzi wajibanze ukutani. Mlio wake unafika hadi kwenye maporomoko ya maji. Juu kwa Shangazi haufiki.

Jumapili ile Baba alipita mapema asubuhi na lori tupu, anakwenda kupakia kabichi. Nilimpa kijiti mwenyewe, mkononi.

"Saa sita nashuka," akasema. "Mwambie Mama Birika aniwekee chai, siyo yale maji yake ya rangi."

Nikafunga mti. Kwa kuwa hakuna wa kupita mpaka Baba arudi, baadaye nikamwachia Mama Birika mti, nikachukua ndoo, nikaenda chemchemi. Niliporudi mti ulikuwa umeinuliwa, na gari jeupe linanguruma.

"Kimbia, binti!" Mama Birika akaniita. "Wageni wako hawa wanataka wa kuwatembeza. Kijiti wanacho."

"Wamekipata wapi?"

"Kwani mimi nimekizaa? Wanacho, nimekiona. Nenda, mti nitakushikia."

Nikadhani Baba amechelewa kupakia, akakituma chini kwa mtu wa pikipiki, maana siku nyingine hufanya hivyo. Nikatua ndoo, nikaingia kiti cha nyuma. Chuma kikalia nyuma yetu, ngaa!

Dereva alikuwa kinyozi huko mjini, gari kaazima kwa shemeji yake. Mbele alikaa mkewe. Nyuma tulikuwa mimi, mama mzaa mke, na mtoto wa kike wa miaka kama sita, meno ya mbele yameng'oka.

"Mwezi uliopita tulikuja tukakuta ukungu, hatukuona hata pua zetu," mke akaniambia. "Leo lazima niyaone hayo maporomoko, hata nikibebwa."

"Mimi nafumba macho," akasema bibi wa mtoto. "Tukifika mniambie."

Kona ya kwanza tu, bonde likafunguka. Mashamba ya kabichi ngazi kwa ngazi, mabati yanang'aa, moshi wa majiko umesimama wima kwa kukosa upepo, na mbali kabisa mji umelala ndani ya vumbi lake. Mke alikuwa anapiga picha huku anasema "jamani, jamani." Kinyozi aliendesha kwa madaha.

"Mikono ya kinyozi hii," akajisifu. "Miaka kumi na moja sijakata sikio la mtu."

"Leo usianze," bibi akamjibu, macho kafumba.

Nikacheka. Ndipo mtoto akaniambia, "Dada, nishikie nifunge kiatu," akanipa kijiti.

Mkono wangu ulipanda juu wenyewe.

Kijiti cha kweli ni kizito. Ukikipokea, mkono unashuka kidogo, na wangu umezoea kujikaza kabla. Hiki kilikuwa chepesi kama ganda. Nikakigeuza. Nyekundu ileile, pete mbili nyeupe, ila pete ya chini imepinda kidogo pale brashi ilipokwama. Kasoro hiyo niliijua. Kijiti kile nilikitengeneza mimi.

Nilikuwa navitengeneza nyuma ya nyumba, kwa mbao laini za masanduku ya matunda, nikiwauzia wageni kwa siri wakitaka kitu cha kukumbukia safari. Shangazi alishanikataza. Alisema kijiti hakina pacha. Nikamwitikia, "Ndiyo, Shangazi," nikaendelea. Tena nilijivunia jinsi vinavyofanana.

Nikamuuliza mtoto, taratibu, "Hiki umekitoa wapi?"

"Si uliniuzia wewe! Umenisahau?"

Kinyozi akanitazama kwenye kioo, anatabasamu. "Leo kagoma kukiacha nyumbani. Nami nikaona vizuri tu, si ndiyo ruhusa yenyewe? Ukishanunua, kila ukija unaonyesha unapita."

Saa ya gari ilisema saa sita kasoro dakika nane. Juu kule Baba alikuwa anakaza kamba ya turubai, au ameshaikaza. Shangazi angemwona ana kijiti mkononi, kijiti chenyewe, angemfungulia bila wasiwasi, na angekuwa na haki. Lori lililoshiba kabichi halisimami pale unapotaka wewe, linasimama pale linapotaka lenyewe. Sisi kurudi kinyumenyume haiwezekani. Kona tulizozipita, hata Baba hathubutu kuzirudi kinyumenyume, sembuse kinyozi na gari la kuazima. Pa kujibanza palikuwa mahali pamoja tu, maporomokoni, ambapo maji yamekula mwamba na barabara imepata tumbo kidogo. Kona tatu mbele.

Nikawaza nimwambie kinyozi au ninyamaze. Nikimwambia, anaweza kushtuka akakanyaga breki katikati ya kona. Nikinyamaza, atasimama kila penye uzuri. Na wakati bado nawaza, mke akasema, "Baba watoto, simama hapo niipige ile nyumba ya bati la buluu."

Gari likaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame, kaka."

Sauti ilinitoka nyembamba, hata mimi sikuitambua.

"Dakika moja tu, dada."

"Usisimame. Endesha hivyohivyo, usiongeze, usipunguze, macho mbele. Hiki kijiti siyo chenyewe. Chenyewe kiko juu. Kuna lori linashuka."

Mke akaishusha simu mapajani.

"Lori la nani?" kinyozi akauliza.

"La baba yangu."

"Mpigie basi."

"Huku haishiki."

Akabonyeza honi. Ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Gari la shemeji," akasema, kana kwamba ananiomba radhi mimi.

Bibi akafumbua macho. "Mkwe wangu," akasema polepole, "hiyo mikono uliyoisifia, ndiyo naitaka sasa."

Kona ya kwanza kati ya zile tatu tukaipita. Nilishusha kioo nikatoa kichwa nje nisikilize. Ubavuni sauti inacheza. Ndege akiruka unasikia gari, na gari lenyewe waweza usilisikie mpaka ulione. Mbuzi akalia juu yetu, nikadhani ni honi. Mtoto alinishika kidole. "Tunaogopa nini?" akaniuliza, na mama yake akamwambia anyamaze kwa sauti ambayo ilimwogopesha kuliko lori.

Kona ya pili, gurudumu la nje likateleza kwenye changarawe. Kinyozi akalirudisha. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola, lakini mikono haikutikisika, nasema kweli.

Katikati ya kona ya tatu nikalisikia. Lori la Baba nalijua tangu nimebebwa mgongoni. Likishuka kwa gia ndogo linapiga chafya, linanyamaza, linapiga tena. Lilikuwa karibu. Maporomoko yalikuwa mbele yetu hatua kama hamsini, na lori nyuma ya kona iliyofuata.

"Ingia kwenye tumbo la barabara, pale penye maji," nikamwambia kinyozi. "Kunja kioo cha pembeni. Bana ukutani mpaka mlango ulie."

Nikafungua mlango gari likiwa linatambaa, nikaruka. Nilikimbia kupanda huku navua kitambaa cha kichwani, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilipofika kwenye kona, pua ya lori ilikuwa inachomoza. Nikapunga kitambaa kwa mikono yote miwili. Nikapiga kelele, ila maji yakaimeza sauti yangu.

Baba aliniona. Nilimwona akiniona. Breki zikalia, harufu ya kuungua ikanijia usoni, na lori likaendelea kuja, polepole, likilalamika, kama mtu anayevutwa kwa nguvu. Nikajigandisha kwenye mwamba. Lilinipita karibu kiasi cha kunikuna tumbo. Nikageuka nikalitazama mgongoni likielekea gari jeupe.

Kinyozi alikuwa ameingia. Mlango wa upande wa ukuta ulikuwa umesaga mwamba, maji yanapiga paa. Baba akalisukuma lori upande wa nje mpaka gurudumu la nyuma likakanyaga ukingo wenyewe. Kokoto zikamwagika chini. Nikangoja zigonge mahali. Sikusikia zikigonga.

Kioo cha gari kilichosahauliwa kukunjwa kikakatika, kwaa! Kamba ya turubai ikalamba paa kutoka mbele mpaka nyuma. Kabichi moja ikadondoka, ikadunda kwenye boneti, nayo ikaenda bondeni. Kisha lori likapita, likasimama hatua ishirini chini, likazimwa.

Nilirudi nachechemea. Ndani ya gari mke alikuwa amemkumbatia mtoto, kinyozi ameshikilia usukani kama bado unakwenda. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, bibi," nikamjibu. "Haya ndiyo maporomoko."

Baba alikuja kwa miguu, kijiti mkononi. Alitia jiwe mbele ya gurudumu kwanza, kama afanyavyo siku zote. Hakunipigia kelele. Angenipigia ningepata nafuu. Aliwatazama waliomo garini mmoja mmoja, akawapa pole, kisha akaninyooshea kiganja kitupu. Nikamwekea kile cha mtoto.

Akasimama navyo viwili. Mkono wa kulia ulishuka, wa kushoto ukapanda, kama mizani. Akakigeuza chepesi hadi akaiona pete iliyopinda. Mlango wa nyumba yetu nimeupaka rangi mimi. Anaujua mkono wangu.

"Umetengeneza vingapi?"

Nikaanza kukumbuka. Huyu mtoto. Mama mmoja wa miwani. Wanafunzi wa gari la njano, wale walichukua vitatu. Mzee aliyetaka viwili vya wajukuu. Wapenzi wa ile pikipiki kubwa. Nilifika tisa, nikapotea, nikaanza upya. Wote ni watu wa mjini. Wote walisema watarudi siku hali ya hewa ikiwa nzuri, na mbingu siku ile haikuwa na wingu hata moja.

"Mwanangu," Baba akasema. "Sikugombezi. Nakuomba tu uniambie. Huko mjini viko vingapi?"

Nikaanza kuhesabu tena kwa vidole. Kutoka chini, katikati ya kelele za maji, chuma kikalia mara moja.

Baba akatazama mikono yake. Vijiti vyote viwili vilikuwa humo.