Fungu la Alfonce

Eustakia alifagia jiko kama alivyofanya kila asubuhi, kuanzia kwenye mafiga mpaka mlangoni, na alipofika mlangoni akakuta hana cha kuzoa isipokuwa majivu. Akasimama na fagio lake. Ilimchukua muda kutambua kilichopungua. Zile punje za mavi ya sungura, kavu na za mviringo, alizozoea kuzifagia tangu mwanawe alipoondoka, hazikuwepo hata moja.

Sungura mwenyewe alikuwa nyuma ya mtungi, amejikunyata, mgongo juu, masikio yamelala.

"Balozi," Eustakia alimwita. Hakugeuka.

Jina hilo alipewa na Alfonce. Alimleta kutoka kwa mapadre akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, na kwa vile tangu siku ya kwanza alichungulia milango ya watu kana kwamba anakagua wakazi, Alfonce akasema huyu ndiye balozi wa nyumba kumi. Balozi halisi, mzee Ntakirutimana, alinuna. Baadaye akazoea, ikawa akipita barabarani anauliza, "Mwenzangu kazini hajambo?"

Kisha Alfonce akaenda vitani na mgambo wenzake. "Mama, nitunzie Balozi," alisema akiwa juu ya lori, na lori likaondoka kabla mama hajajibu.

Sasa redio ya ofisi ya kijiji ilikuwa imetangaza kitambo kwamba adui ameshindwa. Kijiji kizima cha Nyantakara kilicheza ngoma. Vijana wakaanza kurudi, mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Wa Eustakia hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema kwamba hatarudi. Eustakia, aliyekuwa mjane, hakulia. Ndani yake kulikuwa kimya tu. Alilima shamba la kijiji, alichota maji, alisali rozari yake, na yote aliyafanya kama mtu anayetwanga kinu kitupu.

Alimchukua sungura, akamweka mapajani. Tumbo lilikuwa gumu, limejaa kama kiriba. Akamsogezea jani la kiazi puani. Hata kulinusa hakulinusa. Kutoka mdomoni mwake ulisikika mkwaruzo mdogo, meno yakisagana bila kitu katikati.

Eustakia akayaona haya yote na hakuhisi kitu. Aliwaza tu, kwa utulivu uliomshangaza: kitu kimoja niliachiwa, nacho kinakwenda. Alfonce akirudi nitamwambia nini? Na asiporudi?

Akamfunga Balozi kwenye kitenge, akaenda nyumba ya pili, kwa Ng'washi.

Ng'washi na mumewe Nyanda walikuwa Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao wachache. Walikuwa uani, Nyanda ananoa kisu, mkewe anaanika michembe ya viazi vitamu.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Huyu hajala. Wala hajatoa kitu."

Nyanda akaweka kisu chini, akabonyeza tumbo kwa kidole. "Mama, usingoje afe. Nyamafu hailiwi. Niachie sasa hivi akiwa anapumua, jioni unapata mchuzi."

"Wewe kila mwenye miguu minne unamwona chunguni," Ng'washi alimkaripia. "Hata mzee Ntakirutimana akipiga magoti kanisani, nadhani unammezea mate."

"Yule ni mifupa mitupu," Nyanda akajibu. "Haya, basi tumnyweshe magadi. Ng'ombe akivimba ndivyo tunavyomfanya."

"Ng'ombe anacheua, hewa inapata njia. Mama Alfonce, huyu umewahi kumwona anacheua? Umewahi kumwona anatapika?"

"Sijawahi."

"Basi kilichoingia hakina mlango wa kurudia. Lazima kitokee nyuma. Alikula nini jana?"

Eustakia akamfunika Balozi kwa kitenge. Halafu akasema, "Fungu la Alfonce."

Wakamtazama.

Kwao Kanazi, alikozaliwa, mtu wa nyumba akiwa safarini hupakuliwa fungu lake kila jioni. Linafunikwa na kuachwa karibu na moto, na asubuhi wanalila watoto wa nyumba hiyo. Halitupwi, kwani kulitupa ni kusema kwamba mwenyewe harudi. Halipelekwi nyumba nyingine pia. Lakini nyumba ya Eustakia haikuwa na watoto. Alikuwemo Balozi, basi. Mwanzoni alimpa kidogo, ndizi moja iliyopikwa, baada ya kumletea majani. Kiangazi kilipoingia, majani yakawa ya kutafutwa mbali, na Eustakia akawa hana tena miguu ya kwenda mbali. Fungu la mwanawe likawa chakula chote cha sungura: ndizi na maharage, au ugali. Na Balozi alilila, maana lilikuwa tamu.

Alieleza hivyo kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kisimani.

Ng'washi hakucheka. "Mbuzi wetu waliwahi kuingia kwenye ghala la mtama," alisema. "Walikula wakashiba, kesho yake wakavimba hivihivi. Tuliwanyima nafaka, tukawapa nyasi kavu na maji. Wawili wakapona."

"Na wengine?" aliuliza Eustakia.

"Wengine tuliwala," alisema Nyanda.

Eustakia akakiangalia kile kisu. "Nipe mpaka jua lizame," alisema. "Asipopata nafuu, uje."

Aliporudi nyumbani alimlaza Balozi karibu na mafiga, palipokuwa na joto lililobaki. Ng'washi akaleta tita la nyasi ndefu zilizokaushwa na jua, akazitandaza mbele yake. Maji wakayaweka kwenye kibakuli, kisha Eustakia akachovya kitambaa na kudondosha tone pembeni mwa mdomo. Sungura akalilamba. Akadondosha jingine.

"Usimlazimishe kula," Ng'washi alionya. "Ukisukuma mzigo kwenye mlango uliofungwa, unaupasua."

Wakampapasa tumbo, polepole, kwa vidole viwili, kutoka mbavuni kwenda nyuma. Kila baada ya muda Eustakia alimweka chini, naye akalazimika kuruka hatua chache, kisha akajikunyata tena. Ng'washi alipokwenda kwa ng'ombe, Eustakia akaendelea peke yake. Mikono yake miwili ilikuwa na kazi, rozari ikabaki imening'inia msumarini. Akasali bila shanga. *Salamu Maria, umejaa neema.* Kila sala, mpapaso mmoja, kisha inayofuata. Miezi mingi maneno yale yalikuwa yakipita mdomoni mwake bila kugusa kitu. Leo yaligusa tumbo la sungura. Hakuomba zaidi ya hapo; hakujua kama Mungu huombwa kuhusu mavi, lakini aliona kwamba huyohuyo Mungu ndiye aliyeliumba tumbo, hivyo hatashangaa.

Jua lilipoegemea vilima, Nyanda akaja na kisu chake, kimefungwa kwa ganda la mgomba, na mkewe nyuma yake. Alisimama mlangoni. Safari hii hakutania.

"Vipi, mama?"

"Tulia kidogo."

Balozi alikuwa amenyanyuka. Akaruka mara moja, akasimama, akajinyoosha. Pale alipokuwa amekaa, juu ya udongo uliofagiwa, palikuwa na punje tatu ndogo, nyeusi, zisizolingana, zimeshikana kwa unywele kama shanga mbovu.

Ng'washi akapiga kigelegele kifupi, akaziba mdomo. Nyanda akainama akazitazama kwa makini, kisha akarudisha kisu kiunoni. "Mchuzi wangu huo umepita," alisema.

Eustakia akazichukua zile punje mkononi. Zilikuwa bado na joto. Akaketi nazo hivyo.

Chungu kilikuwa motoni. Akapakua, kama kila jioni, sahani yake na sahani ya Alfonce. Akaifunika ya Alfonce. Halafu akaifunua.

"Hili sasa litaliwa na nani?" aliuliza.

"Wewe umekula lini, mama?" Ng'washi aliuliza. "Ukashiba?"

Eustakia akajaribu kukumbuka. Kila jioni alimega tonge, akalirudisha kwenye sahani yake, akaifunika. Akajitazama vifundo vya mikono, akaona mifupa.

"Linaliwa na wa nyumba hii," alisema Ng'washi kwa upole. "Si ndivyo ulivyosema?"

Basi Eustakia akaivuta sahani ya mwanawe. Akamega ndizi, akatafuna. Hazikuwa na ladha. Akameza, akamega tena, akala mpaka sahani ikawa tupu, na wale wawili wakakaa naye. Karibu na mafiga Balozi alikuwa ameshika unyasi mmoja mkavu, nao ulizidi kuwa mfupi mdomoni mwake. Eustakia akasikiliza ule mlio. Kesho angekwenda bondeni mapema, kutafuta majani.