Mtambo Mmoja wa Uwanda Mzima

Mujibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukubali, na kukubali kila kitu kumewaponza wengi kuliko ukaidi. Mtu akimjia ofisini Masasi, akakaa, akanywa maji, akasema, "Baba Somoe, na sisi tuunganishe," basi huyo keshaunganishwa.

Kampuni ya Uwanda Mitambo ilianza na vyumba viwili vya seva, kimoja Masasi alikokaa Mujibu, kingine Newala alikokaa msaidizi wake Felix. Humo zilihifadhiwa habari za maghala ya korosho, za shule na za maduka ya dawa. Vyumba vyote viwili viliongozwa na mtambo mmoja uliokuwa Masasi, ulioamuru kila ruta na kila swichi ipitishe nini, iende wapi. Mujibu aliusimika kwa mikono yake, na nywila yake aliijua peke yake. Kwa vyumba viwili mtambo ule ulikwenda bila hata kikohozi. Ndipo wakaja watu wa Lulindi, kisha wa Nanganga, kisha wengine na wengine, mpaka ramani ya ukutani ikajaa pini, na Mujibu akawa anaitazama kama mtu anavyotazama shamba lake likichanua.

Sasa, kituo kipya ni kama mgeni anayeingia barazani: hakai mpaka amempa mkono kila aliyemkuta. Wenyeji wakiwa watatu, salamu zinakwisha upesi. Wakiwa arobaini, siku nzima inaishia kwenye mikono. Felix aliliona hilo mapema.

"Baba Somoe, tugawe," alimwambia siku moja. "Newala iwe na mtambo wake, usimamie vituo vya huku juu. Wa Masasi usimamie vya huko chini. Tupeane muhtasari tu."

"Fahali wawili hawakai zizi moja, Felix."

"Basi tujenge mazizi mawili."

Mujibu alicheka, akauliza habari za mvua. Ukweli ni kwamba aliogopa. Felix alikuja kwake hajui hata kubana kichwa cha kebo, naye akamfundisha. Leo amkabidhi nusu ya uwanda? Kesho watu wakisema Newala inakwenda vizuri kuliko Masasi, yeye ataweka wapi uso wake?

Miezi hiyo mama yake, Bi Asumini, alikuwa amelazwa Newala, miguu imevimba na pumzi inamjia kwa mafungu. Alikuwa na binti wawili na mwana mmoja tu, huyo Mujibu. Mara ya mwisho alipokwenda kumwona, mama alimshika mkono.

"Nina haja moja, baba. Siku yangu ikifika, ushuke wewe kaburini, unipokee. Ulipokuja duniani nilikupokea mimi."

"Usiseme hivyo, mama. Ijumaa nakuja tena."

"Ijumaa gani?" aliuliza, maana alimjua mwanawe.

"Ijumaa hii hii, mama."

Na alikusudia kweli. Lakini katikati ya wiki watu wa ghala la Makote wakampigia. Mnada wa korosho umekaribia, wao hawajaunganishwa, wamsihi vipi tena? Mujibu akawaambia Ijumaa alfajiri, kazi ya dakika chache, kisha yeye huyo anapanda Newala kwa mama. Mtaka yote hukosa yote. Sote tunausema msemo huu, na sote tunaamini unawahusu majirani.

Alfajiri ile aliiingiza Makote. Mtambo mkuu ukanyamaza kidogo, kama mtu aliyepaliwa. Kwenye kioo vituo vyote vilikuwa kijani, vizima, ila simu za mezani zilianza kulia: Nanganga hakuna kinachopita, Lulindi hakuna kinachopita. Kile kijani kilikuwa habari ya zamani. Mtambo ulishindwa kusikia vituo vyake vyote, ukawa unarudia neno la mwisho ulilolisikia kwa kila kimoja. Mujibu akauzima, akauwasha. Vituo vyote, kwa vile vilikuwa vikingoja, vikapiga kelele kwa mpigo kuomba amri, na mtambo ukaanguka tena. Akauzima, akauwasha. Ukaanguka tena.

Simu yake ya mkononi ikaita. Ni Felix. Mujibu akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Alijua atakachoambiwa: si nilikwambia? Siku hiyo hakuwa na kifua cha kulipokea neno hilo. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Baadaye iliita tena, na tena. Kisha ukaja ujumbe: "Baba Somoe, pokea simu." Na mwingine: "Tafadhali, pokea." Hakuna zaidi. Felix ni mzaliwa wa kule juu, na kwao jambo zito haliandikwi kwenye simu. Linapelekwa kwa mdomo wa mtu, na huyo mtu naye analifunika. Mujibu angefanya vivyo hivyo. Lakini alisoma zile jumbe akaona ni Felix yule yule na mazizi yake mawili, akarudi kuinamia mtambo. Swala ya Ijumaa ikampita akiwa hapo hapo.

Mchana ulikuwa umeegemea alipoingia Silvano, dereva wa kampuni upande wa Newala, vumbi jekundu limemjaa kichwani.

"Baba Somoe, mama amezidiwa kidogo. Nimetumwa nikuchukue."

Hakumtazama usoni. Mujibu akajua. Katika kutafuta la kusema akasema la kijinga.

"Newala imezimika. Siwezi kuiacha hivi."

"Newala haijazimika," Silvano alisema polepole. "Felix aliikata kutoka kwenye mtambo wako asubuhi, mambo yalipoanza kuharibika. Inajiendesha. Makote na vile vingine vilivyokwama pia kavichukua yeye. Kisha akaenda hospitali kumpelekea mama uji."

Kumbe alishinda akimwagia maji nyumba isiyoungua. Angeweza kuondoka asubuhi.

Gari lilipanda ule mlima wa kona, korosho huku na huku, na Mujibu alishika kishikio cha mlango kama abiria mgeni. Walipofika nyumbani, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Mjomba wake, kaka wa mama, alikuwa mbele yao, mzee wa magoti mabovu, kanzu yake imejaa udongo mpaka mapajani. Mujibu alipoiona ile kanzu hakuwa na haja ya kuuliza, lakini aliuliza.

"Shikamoo, mjomba. Nani amempokea?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi, na watoto wa mama yako mdogo." Mzee alishusha pumzi. "Tulikungoja. Tuliswali alasiri, tukangoja tena. Watu wakaniambia maiti hasubirishwi. Ningefanyaje?"

Alimpa mkono, na mkono ule ulikuwa na udongo.

Felix alibaki makaburini. Tangu adhuhuri alichimba na wenzake, na wenyewe walipoanza dua alijitenga kando kwa adabu, kwa kuwa yeye ni Mkristo. Mujibu alimkuta amekaa chini, shati limemgandia mgongoni. Akaketi karibu naye, mbele ya tuta jipya. Alilia kwa muda mrefu bila kujificha, na Felix hakumnyamazisha.

"Ungeniandikia, Felix," alisema mwishowe.

"Ningeandikaje neno kama lile, Baba Somoe?"

Mujibu alikubali kwa kichwa. Halafu akauliza kitu alichokibeba tangu njiani. "Ile simu yako ya kwanza, ya asubuhi. Alikuwa keshakata roho?"

Felix aliokota kijiti, akakitupa.

"Alikuwa hai. Aliniuliza uko wapi. Nikamdanganya, nikasema umeshapita Lulindi. Akanywa uji kidogo, akauliza tena. Nikasema sasa unapanda mlima. Akafurahi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Akasema, mpigie, asikimbize gari, ule mlima una kona mbaya. Nikapiga, nikamwekea simu sikioni akwambie mwenyewe. Ikaita mpaka ikakatika, na yeye akaendelea kuishika pale pale sikioni, anakungoja."